Msicheke: Wajibu wa Mtu wa Tatu Pale Unyanyasaji wa Kingono Unapotokea Kazini

Mhadhara uliotolewa Katoyi, mjini Goma, Desemba 2024, katika Siku 16 za kupinga ukatili dhidi ya wanawake

   

Kabla sijaanza, niwakumbuke wenzetu wanaolala mwezi huu wa Desemba 2024 chini ya mahema ya Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya. Vita viliwatoa mashambani, na sasa chakula chao, dawa yao na hata kibarua cha siku moja hupitia mikononi mwa mtu mwenye orodha. Mengi nitakayosema yanawahusu wao kuliko sisi.

Nimeombwa nizungumze juu ya unyanyasaji wa kingono kazini. Mimi ni muuguzi na mwalimu wa wauguzi, si mwanasheria. Juu ya anayetenda uovu huo, kuna mahakama. Juu ya anayetendewa, mama zetu wa mashirika ya hapa Kivu wamesema kwa miaka mingi, na wamesema vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi nimekuja kwa ajili ya mtu wa tatu, yule aliyekuwepo. Dereva aliyekuwa nyuma ya usukani. Mwandishi wa ofisi aliyeusikia mlango ukifungwa kwa ufunguo. Mlinzi wa geti, mwalimu wa darasa la pili, dada wa mapokezi. Nataka kuonyesha kwamba mtu huyo hana pa kujificha katikati, na kwamba kuna kazi anayoiweza.

Na ninaposema kazini, msifikirie ofisi yenye mashine ya baridi peke yake. Kazini ni kituo cha afya, ni shule, ni depo ya bidhaa ya mtaa wa Birere, ni hema la kuandikisha majina, ni saluni, ni kiti cha nyuma cha pikipiki anapokaa mfanyakazi anayerudishwa nyumbani na mkubwa wake.

Hoja ya 1: Aliyekuwepo ni shahidi, apende asipende

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, upande wa Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi katika nchi yetu, na ulikwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Hapa Goma ulibisha hodi Julai 2019. Mnazikumbuka ndoo za klorini kwenye kila mlango, na vile vipima joto walivyotuelekezea kwenye paji la uso kama bastola.

Pamoja na ugonjwa ilikuja kazi. Riposti, kama tulivyoiita, ilitaka madereva, wapishi, wafuaji, wachimba makaburi, wahamasishaji, wanawishaji mikono. Katika miji ambayo kijana mwenye diploma huuza vocha za simu kando ya barabara, ghafla kulikuwa na mshahara wa dola. Na aliyeshika orodha ya kuajiri alikuwa na nguvu ambayo hata mbunge hana.

Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walitoa habari ya wanawake 51 wa Beni waliosema kwamba wanaume wa riposti, wengi wakijitambulisha kuwa wa Shirika la Afya Duniani, waliwataka kimwili ili wawape kazi au wasiwafukuze. Shirika hilo likaunda tume huru. Mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Bi Aïchatou Mindaoudou wa Niger. Wa pili alikuwa mama yetu Julienne Lusenge, mmoja wa waanzilishi wa shirika la wanawake la SOFEPADI, aliyeanza kwenye redio na kuwasikiliza wanawake wa Ituri na Kivu tangu vita vya zamani. Tarehe 28 Septemba 2021 tume ilitoa ripoti. Iliwatambua watuhumiwa 83, na 21 kati yao ilithibitika kuwa walikuwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani.

Watu 83. Naomba tukae hapo kidogo. Hakuna mtu hata mmoja wa riposti aliyefanya kazi peke yake. Kila gari lilikuwa na dereva, kila hoteli ilikuwa na mhudumu, kila timu ilikuwa na watu sita, saba, kumi. Zidisheni wenyewe. Hesabu ya walioona ni kubwa mno kuliko hesabu ya waliotenda.

Kuna jambo moja lililotangazwa na shirika la habari la Associated Press mwaka 2021, na tangu nilisome halijanitoka. Daktari mmoja wa riposti alidaiwa kumpa mimba msichana. Ikaandikwa karatasi, ikapelekwa kwa mthibitishaji wa hati. Ndani yake daktari aliahidi kutoa dola 100 kwa mwezi, kulipia gharama za ujauzito, na kununua kiwanja. Wafanyakazi wenzake wawili walitia saini kama mashahidi.

Daktari huyo sitamhukumu hapa, si kazi yangu. Nazitazama zile saini mbili. Neno letu la Kiswahili linawabeba watu wa aina mbili: anayeona jambo tunamwita shahidi, na anayesimama kulisema mbele ya wazee tunamwita shahidi pia. Babu zetu hawakuwatenganisha. Aliyeona alitarajiwa kusema. Lakini hawa wawili walikuwa mashahidi wa kulifungia jambo lisisemwe. Waliitwa, wakasoma, wakachukua kalamu. Na wakati huo kulikuwa na agizo la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa la tarehe 9 Oktoba 2003, linalokataza kutoa fedha, kazi au mali kwa ajili ya ngono, linalokataza kumgusa yeyote aliye chini ya miaka 18, na ambalo pia linamtaka mfanyakazi akiwa na shaka tu juu ya mwenzake, hata mwenzake wa shirika jingine, atoe taarifa. Shaka tu, bila kungoja ushahidi wa kukata na shoka. Agizo hilo lilikuwa na karibu miaka 15 Ebola ilipofika Mangina.

Hoja ya 2: Ukimya wetu una sababu, na lazima tuzitaje

Sitawadharau wanaoogopa. Katika mji huu mshahara mmoja unalisha watu kumi. Baba mmoja mlinzi huko Himbi analipia shule watoto wa ndugu zake watatu. Tena wengi wetu tunaijua ile tabia ya kumrudishia kila mwezi kipande cha mshahara yule aliyekuingiza kazini. Mtu aliyeingia kwa mlango huo atawezaje kuinua sauti? Tayari ana deni kwa mwenye orodha. Ufisadi wa fedha na ufisadi wa miili huingia kwa mlango mmoja, na anayedhani anaweza kufumbia macho wa kwanza akaupinga wa pili anajidanganya.

Lakini njaa haielezi yote. Niwasimulie jambo ambalo nimelibeba miaka mitano.

Mwaka 2019 nilikuwa katika timu moja ya riposti, kaskazini mwa mkoa huu. Timu siitaji, mji siutaji. Kila jioni mkuu wa timu alisoma orodha ya vibarua wa kesho yake. Jioni moja msichana aliyekuwa akinawisha watu mikono kwenye kizuizi alikuja kuuliza kwa nini jina lake limetoka. Yule bwana akagusa mfuko wa shati, akamjibu mbele yetu sote: "Jina lako ninalo hapa. Njoo ulichukue saa mbili usiku, unajua ninapolala."

Tulikuwa watu saba. Tulicheka. Mimi nilicheka.

Msichana alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu, kisha akaondoka. Siku tatu baadaye jina lake lilirudi kwenye orodha, na hakuna kati yetu saba aliyeweza kumtazama usoni.

Kicheko kile nimekifikiria sana. Maneno yale hayakuwa ya msichana peke yake. Kama yangekuwa ya kwake tu, bwana yule angemvuta pembeni. Aliyasema mbele yetu kwa sababu alikuwa anatupima. Alitaka kujua kama kuna uso utakaokunjamana, kama kuna mtu atakayeweka kikombe chini. Tulimjibu. Na msichana naye alilisoma jibu letu: hapa huna mtu.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba aliyenyamaza hakufanya kitu.

Sababu nyingine ni wingi wenyewe. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa saikolojia, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio walilofanya huko New York. Mwanafunzi alikaa chumbani peke yake, akimsikia kwa vipokea sauti mwenzake wa chumba kingine akisikika kama ameshikwa na kifafa. Kati ya waliodhani kwamba wao tu ndio wanaosikia, 85 kwa 100 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Kati ya waliodhani kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, walitoka 31 kwa 100. Hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa wakitetemeka kwenye viti vyao. Kila mmoja alimwachia mwenzake.

Hapa Katoyi mnalijua jambo hili kutoka upande wake wa pili. Mnakaa kwenye nyumba za mbao zilizosimama juu ya jiwe la volkano, na ukuta wa mbao hauzuii sauti. Majambazi wakiingia avenyu usiku, mama mmoja anagonga sufuria. Jirani anasikia, naye anagonga yake. Kabla dakika mbili hazijaisha avenyu nzima inalia, na watu wenye bunduki wanakimbia mbele ya sufuria. Sasa niambieni, mama huyo wa sufuria, asubuhi akiwa kazini na kumwona mkubwa wa depo akimsukuma msichana wa usafi ukutani, kwa nini anageuza uso? Ni mama yuleyule, na moyo ni uleule. Tofauti ni kwamba usiku tulishakubaliana. Kila mtu anajua kwamba akigonga, mwingine atagonga. Mchana kazini hatujawahi kukubaliana lolote, kwa hiyo kila mmoja anajiona yuko peke yake na sufuria yake.

Hiyo ndiyo sababu ninasema ushujaa wa mtu mmoja si dawa ya jambo hili. Dawa ni mapatano ya mapema.

Hoja ya 3: Sheria haimwachi mtazamaji

Hapa nitapita haraka, maana wapo wanasheria ukumbini na watanisahihisha. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006, ile yenye namba 06/018, iliingiza unyanyasaji wa kingono katika kanuni yetu ya adhabu: anayetumia cheo, vitisho au shinikizo ili apate ngono aliwekewa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12. Sheria hiyo ilitaka aliyetendewa alalamike mwenyewe ndipo kesi ya kosa hilo iendelee. Wengine hulitumia hilo kama kisingizio: "Kama yeye hajalalamika, mimi ni nani?" Wamelielewa vibaya. Lalamiko ni lake, lakini mtu halalamiki akijua kwamba hakuna hata mmoja atakayesema "nami nilisikia." Kanuni yetu ya kazi ya mwaka 2002 nayo inaihesabu tabia hiyo ya mwajiri kuwa kosa zito.

Tena kanuni ya adhabu ya Kongo ina vifungu vya 66 bis na 66 ter, vinavyomwadhibu anayeweza kuzuia mtu asidhuriwe mwili, au kumsaidia aliye hatarini, bila hatari kwake mwenyewe wala kwa wengine, kisha akaacha kwa makusudi. Vifungu hivyo havijulikani sana. Mwalimu wa uraia aliye hapa avifundishe.

Hoja ya 4: Kuna la kufanya kabla ya jambo kuwa kubwa

Wakati wa Ebola tulifundishwa kitu kimoja kuliko vyote: toa taarifa mapema. Hatukungoja maabara. Mtu akiwa na homa na ametoka Butembo, ilitosha kupiga simu. Hakuna aliyesema homa ni mambo ya watu wawili. Hakuna aliyesema tusubiri tuone kama atatoka damu. Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tukalipeleka neno hilo nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo akili ninayoomba tuihamishie kazini.

Homa ya jambo hili inajulikana. Ni mkubwa anayetaka kuwahoji waombaji kazi wasichana peke yao, jioni, na kamwe si wanaume. Ni dereva ambaye kila siku ana nafasi ya msichana mmoja tu. Ni simu za saa nne usiku zinazoitwa za kazi. Ni mzaha juu ya mwili wa mwenzako unaorudiwa kila asubuhi mpaka ukawa salamu. Ukiyaona haya, bado hakuna aliyebakwa, bado hakuna wa kupelekwa polisi, na hapo ndipo neno dogo lina nguvu.

Njia ya kwanza ni kukatiza. Namjua mama mmoja mpishi wa kituo cha afya, hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Kila mara msimamizi wa vifaa alipomwita mhudumu kijana kwenye depo, mama huyu alichukua ufagio, akamfuata ndani, akaanza kufagia. Hakusema neno. Akiulizwa, anasema depo ni chafu. Alifagia depo ile miezi minne, mpaka msimamizi akachoka. Wapendwa, sijui kozi yoyote ya mashirika inayofundisha vizuri kuliko ufagio ule. Unaweza kuingia na karatasi ya kusainiwa. Unaweza kusema, "Shefu, kuna mtu anakuulizia getini." Unaweza kumwita dada mwenyewe: "Njoo tumalize ile hesabu."

Njia ya pili ni kusema, kwa kifupi na kwa heshima. Tuna desturi ya kumheshimu mkubwa, na siombi tuitupe. Lakini heshima haijawahi kumzuia mtoto mwema kumwambia baba yake kwamba ameshika njia mbaya. "Papa shefu, hilo si la kazini." Inatosha. Usitoe hotuba. Ukiona huwezi kusema mbele ya watu, basi angalau usicheke. Acha maneno yake yaanguke chini, yalale pale, kila mtu ayaone.

Njia ya tatu ni kuitana. Zungumza na wenzako wawili unaowaamini, leo, kabla ya lolote. Mkubaliane kwamba mmoja akisema, wa pili atasema "hata mimi nimesikia." Mkubwa anaweza kumfukuza mmoja. Watatu waliosema neno moja siku moja ni vigumu kuwafukuza bila watu kuuliza.

Njia ya nne ni kuandika: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Andika siku hiyohiyo, uweke nyumbani. Na hapa vijana nisikilizeni. Kupiga picha za msichana na kuzitupa kwenye makundi ya WhatsApp si kusaidia. Ni kumdhalilisha mara ya pili, mbele ya mji mzima.

Njia ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hata mwoga anaiweza, hata aliyechelewa anaiweza. Ni kumrudia aliyetendewa. Mfuate baadaye, mahali penye utulivu, umwambie: "Niliona. Si kosa lako. Unataka nifanye nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimwamulie. Akitaka kushitaki, nenda naye, na ukae naye kwenye lile benchi la kungojea, maana benchi lile linavunja moyo kuliko hata maswali ya ofisa. Asipotaka bado, mwachie mlango wazi na uendelee kumsalimu kama zamani. Ningemfuata yule msichana wa kunawisha mikono jioni ileile, hata kama nilikuwa nimeshacheka, angalau hesabu yake ingebadilika. Angejua ana mtu mmoja.

Na ikiwa amebakwa, muda ni dawa. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyofaa. Hapa Goma, hospitali kama HEAL Africa imewahudumia wanawake kwa miaka mingi. Asioge, asifue nguo, apelekwe kwanza. Mambo ya polisi, ya kanisa na ya ukoo yatakuja baada ya daktari.

Nakuona, baba yangu wa mstari wa mbele, umenyanyua mkono, na swali lako uliniambia mlangoni: je, kama ni mapenzi ya kweli? Watu hukutana kazini, wakaoana, tukala pilau. Ni kweli, na sitaki tuwe askari wa mapenzi ya watu. Mimi hujiuliza jambo moja tu: je, akikataa, atapoteza nini? Kama hatapoteza ila mchumba, hayo ni yao wawili. Kama atapoteza kazi, zamu, jina kwenye orodha au alama za mtihani, basi hapo hapana mapenzi, pana bei. Na kwa mtoto hata swali lenyewe haliulizwi.

Neno moja kwa wazee wa ukoo, kwa adabu zote. Tuna tabia ya kuyamaliza mambo haya kirafiki: mbuzi wawili, kreti ya bia, na msichana anapelekwa kuolewa na aliyemharibu. Ile karatasi ya daktari niliyoisimulia haikuwa jambo la kizungu. Ilikuwa mbuzi wetu walewale, wakiwa wamepigwa muhuri. Mzee anayeketi kwenye kikao cha namna hiyo ni mmoja wa wale mashahidi wawili.

Hoja ya 5: Wakubwa wa kazi ndio wenye ufunguo

Hii ni fupi kwa kuwa iko wazi. Mkurugenzi, padri, mchungaji, mwalimu mkuu, mwenye duka: ukitaka wafanyakazi waseme, usimfukuze wa kwanza aliyesema. Orodha ya vibarua ibandikwe ukutani mchana, mbele ya wote, isikae mfukoni mwa mtu. Mahojiano ya kazi yafanywe na watu wawili, mmoja wao mwanamke, saa za kazi. Lalamiko la mdomo lipokelewe kama la karatasi, maana anayeumia hana muda wa kutafuta barua yenye mhuri. Wala usimuulize kwanza anayelalamika kama anahesabiwa kuwa mfanyakazi wako.

Tukishindwa, bei yake tunaijua. Novemba 2023 Associated Press iliandika kwamba wanawake 104, kwa uchache, kati ya waliotendewa wakati wa Ebola walikuwa wamelipwa na Shirika la Afya Duniani dola 250 kila mmoja. Dola 250. Baadhi yao wanalea watoto waliozaliwa na riposti. Fedha hiyo haifiki hata karo ya miaka michache ya mtoto mmoja hapa mjini. Neno moja la mtu wa tatu, lingesemwa mapema, lisingegharimu hata faranga.

Wapendwa, namaliza, na ninamaliza kwa yaliyo mbele yetu. Tarehe 14 Agosti mwaka huu wa 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia, na tarehe 5 Oktoba chanjo ilizinduliwa hapahapa Goma. Riposti mpya imefika. Magari yamefika, vesti zimefika, na wahamasishaji wanatafutwa. Kambini kwenye mahema, wanaogawa chakula wanatafuta vibarua kila wiki. Dada zetu na binti zetu wa Katoyi wamejipanga mstari wakiwa na diploma zao kwenye bahasha ya plastiki, kama walivyojipanga wale wa Beni mwaka 2018. Baadhi yao wako humu ukumbini, na wengine wenu ndio madereva, walinzi na waandishi wa ofisi watakaokuwa nao.

Nawaomba kitu kimoja kabla hamjatoka mlango huu. Mgeukie mtu mnayefanya kazi naye, au kama hayupo, mpigie simu usiku huu, mkubaliane: mmoja wetu akigonga, mwingine atagonga. Shefu wa kartie ya Katoyi ameniahidi kwamba atawaita wakuu wote wa Nyumba Kumi kuzungumza jambo hili mwezi ujao, na mimi nitakuja, nikialikwa au nisipoalikwa.

 Kesho jioni orodha zitasomwa tena. Muwepo, na mkiwepo, msicheke.